Mche wa Sabuni

Kengeja, mwezi wa karafuu,
mie nilifua.
Nilitoa mche mpya wa sabuni, sikukata kipande,
nikalisugua lile gauni dogo la chuoni
mpaka vidole vikachubuka.
Nilidhani nafua.
Kumbe nafuta.

Nikampashia mtoto maji, nikamwogesha,
nikamwambia, "Nyamaza mwanangu, yamekwisha."
Hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yakijitafutia pa kukaa
ndani yake,
kama mwiba uliokatikia nyayoni.

Jioni akaja Muhali.
Mnamjua. Hapigi hodi, ni wa nyumbani.
Siku ile alivaa sura ya mama mkwe,
akakaa kitako ukumbini, akasema:
"Shaame ni damu yetu. Ana mke, ana watoto.
Kesho chumvi utaazima kwa nani?
Na huyu binti, nani atakuja kumposa?"
Ikatolewa bahasha. Laki tatu, na mbuzi wa ahadi.
Mume wangu akaitazama sana bila ya kuigusa.
Kisha akaigusa.

Mwalimu wa skuli ndiye aliyepeleka habari kituoni.
Askari akaniuliza, nikasema sikuona kitu.
Akauliza, nguo iko wapi?
Nguo ilikuwa kambani, inanukia.

Jalada likafungwa: ushahidi hautoshi.
Shaame akapita mbele ya baraza yetu, akatoa salamu.
Na mie, Mungu anisamehe,
nikaitikia.

Basi ndio maana mnaniona, wenzangu,
kwenye singo, kwenye hitma, kwenye foleni ya kliniki,
na hiki kitabu cha sheria kilichojikunja masikio.
Herufi zake ndogo; nimekisoma kwa kidole, neno kwa neno.
Mnaniita Bi Sheria, mnacheka.
Chekeni. Lakini shikeni hili.

Usifue.
Usimwogeshe, hata akikulilia umwogeshe.
Nguo itie mfuko wa karatasi, si wa plastiki,
umchukue mtoto vivyo hivyo mpaka hospitali,
chumba cha Mkono kwa Mkono.
Na usingoje Ijumaa ipite, usingoje baba arudi safari:
dawa za kinga zina saa zake,
siku tatu zikipita, mlango umefungwa.

Sheria haimjui shemeji.
Haimjui ustadhi, haimjui mwenye duka, haimjui mjomba
aliyeleta zawadi ya sikukuu.
Inamjua mtoto.
Haiulizi alivaa nini, haiulizi alikubali,
maana mtoto hana ridhaa ya kumpa mtu.
Na kesi hii si mkungu wa ndizi tukagawana uani.
Si yako kuisamehe, si ya mumeo, si ya sheha.
Mwenye kuificha naye ana la kujibu.

Najua mtakalosema. Mahkama ni mbali, nauli hakuna,
tarehe inaahirishwa, inaahirishwa tena,
shahidi anachoka, anabaki nyumbani kuanika karafuu.
Kweli. Sikukaa hapa kuwaambia uwongo.
Lakini mie sikuchoshwa na mahkama.
Sikufika.

Jina la mwanangu silitaji; hilo nalo sheria inalilinda.
Juzi tulikuwa tunaanua nguo, mvua inakaribia.
Ana miaka kumi na saba sasa, amenipita kimo.
Akaniuliza, macho yake kwenye kamba:
"Mama, lile gauni, kwa nini ulilifua?"

Sikuwa na jibu. Matone yakaanza, tukakimbilia ndani.

Ule mche wa sabuni, nusu yake, bado uko dirishani.
Umekauka, umepasuka.
Siutumii.
Siutupi.