Namba Kumi na Saba

Kila Machi, kabla mbio hazijapita mjini,
Daktari Lammertyn huniletea fremu yake
imeviringishwa blanketi la sufu kama mgonjwa wa homa.
Haina magurudumu. Haina mnyororo.
Nataka uikague tu, Godelieve, huniambia,
naye huvua viatu mlangoni, kwenye karakana
yenye grisi hadi darini.

Feleji. Rangi ya divai iliyomwagika.
Chini, penye ekseli ya pedali, pamechorwa: 17/40.
Arobaini tu ndizo alizounda Firmin Verstichel
kabla mikono haijaanza kumtetemeka.
Yuro elfu saba na mia tisa. Fremu tupu.
Kwa pesa hizo dada yangu aliezeka paa lote,
na mvua ya Oudenaarde si ya mzaha.

Najua anachotaka kusikia.
Basi humwambia, na ni kweli: viungo ni safi,
shaba imetambaa hadi ukingoni bila kuvimba,
nyembamba kama ukucha wa mtoto,
hakuna mahali tupa ilipopita mara mbili.
Hapo hufumba macho kidogo. Ni daktari wa meno,
anajua kazi ya mkono ndani ya tundu dogo.

Ila yangu pia ni ya Firmin.
Aliiunganisha mwaka wa tisini na mbili, bado
akichomelea mageti ya mazizi ya ng'ombe huko Nukerke,
akanipa kulipa deni la tairi na breki.
Feleji ile ile, moto ule ule,
mkono ule ule, mdogo kwa miaka.
Haina namba. Ina jina langu, limekosewa herufi moja.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
yangu imejitembeza kilomita elfu sabini na kitu,
juu ya mawe ya Koppenberg yanayong'oa meno
(wateja wa daktari, labda),
sokoni na viazi, hospitalini mama alipolazwa,
na mara moja mtoni, ubavu kwa ubavu nami,
tulipoteleza kwenye barafu tukatumbukia Skelde.

Mwaka huu niliingiza kidole kwenye bomba la kiti
kikatoka na unga wa kahawia.
Kutu. Kutoka ndani, polepole, kama siri ya familia.
Miaka kumi na mmoja ukutani, juu ya meza ya jikoni,
ikivuta mvuke wa supu.
Yangu huipaka mafuta kila vuli, maana huloa.
Yake haikuloa hata siku moja. Nani angeipaka?

Nilimwonyesha kidole. Hakuuliza, Itapona?
Aliuliza, Bei itashuka?

Haikushuka. Aprili akaiuza kwa mtu wa Osaka
kwa elfu kumi na nne, pamoja na karatasi
niliyoandika kwa mkono wangu: ina kutu, bombani, kidogo.
Mnunuzi alijibu neno moja: Sitaipanda.
Hesabu ni hesabu. Mimi niliyekuwa nikicheka kimoyomoyo
kila Machi, nina magoti mabovu na kodi ya miezi miwili;
yeye ana faida, na ukuta wenye matundu mawili ya misumari.

Jana alikuja mikono mitupu. Akaitazama yangu
ilivyoegemea ndoo. Naomba, akasema, nizunguke uwanja tu.
Nikamshushia kiti. Akaondoka akiyumba,
tai begani, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo.
Uwanja wetu huzungukwa kwa dakika mbili.
Alirudi baada ya saa moja na robo,
tope hadi kwenye nyusi, hasemi, anahema,
vidole vimegoma kuachia usukani.
Kisha: Unaiuza?

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia habari za mto.
Nikataja bei. Bei ya kipumbavu, ya kumfukuzia mtu.
Akachomoa kalamu sikioni mwangu,
akageuza risiti, akaanza kuhesabu.
Nami, sijui saa ngapi,
nilikuwa nimekwisha kukishika kiti.