Mizani Nne

Daftari lilikuwa la duka: sukari, mafuta ya taa,
deni la Bwana Shaame, nusu ratili ya chumvi.
Kurasa za nyuma, kwa hati za chuoni,
bibi yangu Time alitunga
huku watoto wakidhani anapiga hesabu.

Mwanzo nilisoma "kitabu".
Hati hizo huimeza mimu iliyo mbele ya be,
na dhuma haikwambii kama ni u au ni o.
Nalikaa kwa kitabu. Kitabu gani, bibi?
Mwezi mzima nilitembea na kitabu kisichokuwapo,
mpaka Raya, tunayesuka naye ukili kila Alhamisi pale Wingwi,
akacheka, ukindu mdomoni:
"Kitambo, we! Itie mimu."

Nikaitia. Beti ikasimama, ikichechemea.

    Nalikaa kwa kitambo
    mlangoni kuna jambo
    wamtwaa . . . . . . . .
    nami sikumlilia

Nikahesabu kwa vidole. Nane. Nane. Nne. Nane.
Mtu aliyepima chumvi kwa kijiko asimpunje jirani
hawezi kupunja mshororo.

Nikajaribu kuziba. Wamtwaa wa kiambo.
Mizani ilikaa sawa, nami nikaona haya
kama niliyemvika maiti kanzu ya kuazima.
Raya hakuinua macho kwenye ukili wake.
"Kina kikikosekana si kwamba neno halipo.
Kuna mtu amelikalia."

Aliyelikalia ni baba.
Fundi baiskeli. Hamad Sharifu kwenye cheti,
Hamad Sharifu kwenye kadi ya kura,
azimaye redio likisikika gari usiku,
alalaye viatu vimeelekea mlangoni.
Nami nimerithi bila kuambiwa:
nikiingia nyumba ya watu nahesabu milango.
Mwanangu ana miaka sita, anakula mbiombio,
jicho dirishani. Nani kamfunza?

Sharifu alikuwa ami. Hilo nililijua
kama mtu ajuavyo shimo la njiani kwenye giza,
kwa kulizunguka.

Nikampelekea beti. Sikumwuliza kitu.
Nilisoma, na kwenye mshororo wa tatu nikanyamaza
kiasi cha mizani nne.
Alikuwa na tyubu, ameizamisha beseni, anatafuta pancha.
"Soma tena."
Nikasoma. Nikanyamaza.
Vipovu vikapanda pale palipotoboka,
akaweka kidole, na bila kukiondoa,
kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake,
sauti ya mtoto aitwaye mbele ya darasa:
"Faki Kombo."

Fa. Ki. Ko. Mbo.
Nikaandika kwa hati zilezile za bibi,
na mimu nikaitia mimi, kubwa, isimezwe tena.

Lakini si jina lililomliza. Ni mshororo wa nne.
Nami sikumlilia.
Alilia kama mtu alipaye deni la mamake,
kidogokidogo, akisita, akihesabu upya,
na tyubu ikimchuruzikia magotini.

Sitasema amepona.
Usiku uleule gari la barafu lilipita kwenda Tumbe,
akaamka, akapapasa komeo kama kawaida yake.
Ila hakurudi kitandani. Akagonga kwangu.
"Ya pili iko wapi? Hii beti moja.
Mama hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu."

"Haipo, baba."

Akavuta kigoda, akakaa gizani.
Nikasikia kidole kikigonga goti:
moja, mbili, tatu,
kikasita,
kikaanza tena.