Nyota Mbele ya Mkate

Radostina, Mbulgaria wa nyumba ya pili hapa Ibra,
alikuja kuomba hamira, akakaa.
Mama alikuwa amekigeuzia kikaango makaa,
mkate wa ufuta unapata rangi.
Mezani unga ulikuwa umemwagika.
Mgeni akaandika humo kwa kidole:
nyota kwanza, kisha *xlěbъ.

"Nyota ya nini?"
"Ni kukiri, Bi Raya, kwamba neno hili hatukulisikia.
Halimo jiweni, halimo ngozini.
Tumeliokota kwa wajukuu: hleb wa Mrusi, hlyab wetu sisi,
kama unavyoijua sura ya marehemu
kwa pua za watoto wake."

"Na hicho kidude cha mwisho?"
"Irabu. Fupi mno. Midomo iliimeza zamani."
Mama akaguna. Kwetu neno halilali
bila irabu ya kujifunika.

"Lilikuwa neno la kiume," akasema mgeni.
"Mkate mwanamume!" Mama alicheka hadi mtandio ukamwanguka.
"Wetu umekaa ngeli moja na mti,
na mto, na moyo. Haujapata kuota ndevu."

Mimi nikadakia: hleb na khubzi, si ndugu hao?
"La. Wamefanana tu,
wapita njia wawili waliovaa kanzu moja.
Letu tuliliazima kwa Wajerumani wa kale,
ndivyo wengi wanavyodhani.
Kwa biashara au kwa vita, sijui.
Unga tulikuwa nao. Jina hatukuwa nalo,
au tulikuwa nalo tukalitupa."

Mama kimya. Akapangusa jasho la shingo.
"Mimi dukani hapo huomba boflo.
Miaka arubaini. Muuzaji hucheka,
hunipa khubzi. Na hilo boflo
sijui Unguja lililetwa na nani.
Liandikie nyota na hilo."

"Haliandikwi nyota," Radostina akasema.
"Nimelisikia sasa hivi."

Moshi ukatukumbusha mkate.
Upande mmoja ulikuwa mweusi ti.
Mama akaukumba unga wa mezani, nyota na neno,
akaurudisha bakulini, kwani unga hautupwi,
akampimia mgeni hamira kwenye kikombe cha kahawa.

Usiku, nikitafuna ile sehemu isiyoungua,
nilijaribu kuitamka irabu iliyomezwa.
Haikutoka.
Zilitoka mbegu mbili za ufuta.