Viraka vya Kijani

Ilianza dakika ya arobaini na mbili,
bibi harusi akiinua shela:
paji la uso likageuka kijani,
miraba miraba, kama mkeka uliosukwa na mlevi,
kisha kioo kikazima, feni ikabaki inalia peke yake
chumbani kwangu, Chikongola, saa saba usiku.

Nikalaumu waya kwanza.
Waya ni mtoto wa kambo, hana wa kumtetea.
Nikaazima mwingine kwa Nandonde wa duka la simu:
kijani kilekile.
Nikalaumu kioo. Nikakibeba sebuleni,
nikakichomeka kwenye king'amuzi,
mpira ukaonekana, hata jasho la refa.
Nikalaumu programu. Nikaifuta,
nikairudisha ile ya zamani, ya mwaka juzi,
kama mtu anayemrudia mume wa kwanza.
Siku moja ikatulia.
Siku moja tu.

Nikalaumu umeme, na umeme, jamani,
una kesi zake za kujibu,
lakini hii haikuwa yake:
nilipima kwa mita ya fundi Mchopa,
kumi na mbili kamili, haitikisiki.

Ikabaki kadi ya picha.
Ya mwisho kushukiwa,
kwa kuwa ndiyo iliyobeba kazi zote.
Niliinunua mtumba, mwaka ule korosho zilipopata bei
na kila nyumba ikataka video ya harusi.
Nikaichomoa. Vumbi limeganda kama masizi,
meno yake yamefifia;
chumvi ya Shangani haipigi hodi.
Nikayasugua kwa kifutio cha Lukia, yuko darasa la tatu,
nikabandua pesti, kavu kama ukoko wa juzi,
nikapaka mpya, nikairudisha, nikawasha.

Joto likapanda: sabini, themanini.
Themanini na tisa, viraka hivyo.

Ijumaa akaja Bi Somoe.
Bintiye kaolewa Pemba, ile ya Msumbiji,
naye hajui lini atauvuka tena Ruvuma.
Akagusa kioo kwa kidole chenye hina iliyochakaa.
"Ntoto wangu," akasema, "uso wake u wapi?"
Nikamwambia umo, mama. Umo ndani.
Mashine ndiyo haioni.

Usiku ule nikaivua kadi feni na plastiki,
nikaiviringisha karatasi ya fedha,
nikaipeleka kwa Mama Nashiri, muoka keki.
"Dakika nane," nikasema.
"Na hamira?" akauliza, hacheki.
Tukasimama mbele ya tanuri kama wakunga wawili
wasioaminiana.
Ilinuka. Siku mbili tanuri lile halikuoka kitu,
na deni hilo bado namlipa.

Ikawaka.
Lakini fundi alinionya: usiikimbize.
Basi nikaenda picha moja moja, pole pole,
feni ya mezani ikiipepea ubavuni,
na mwendo ule wa kobe ndio ulionionyesha
nisichokiona nilipokuwa na haraka:
pembeni, kila mara pembeni,
Bi Somoe.
Nusu bega. Mkono na mwiko.
Kisigino kikitoka mlangoni.
Bi Somoe anachungulia ndani wakati wa kula kiapo,
kitambaa mdomoni, halafu sufuria inamwita.
Saa nane za harusi,
hakuna aliyemwelekezea kamera, nami ndiye niliyeishika.

Nikaviokota vipande hivyo,
nikavishona mwishoni, dakika tatu, bila muziki.

Alitazama yote, mikono mapajani.
Kwa binti alilia kidogo.
Kwake mwenyewe alinyamaza, akasogea karibu na kioo,
akasema, "Kumbe kanga ile ilinikaa."
Akaomba nakala mbili.

Jumanne kadi ikafa,
safari hii bila rangi yoyote.
Nimeiweka kabatini, sijui kwa nini.
Feni yake kaichukua Lukia,
kaifunga kwenye kijiti kwa mpira wa baiskeli;
anakimbia nayo uchochoroni, na inazunguka.