Mkono wa Kushoto

Lemvig hadi Aarhus ni kilomita mia na ishirini,
na mwezi wa Machi huzihesabu zote mara mbili.
Nilikaa mbele kando ya dereva,
miguuni viatu vya bandani, vina udongo.
Nyuma alilazwa Torkild, kifuani kakaliwa na ng'ombe
(maneno yake, siyo yangu),
na Solvej, binti wa yule muuza matrekta,
akimfunga mkanda wa presha mkononi.

Akaujaza upepo. Akauacha umejaa.
Dakika moja, mbili, tatu. Vidole vya mume wangu
vikaiva rangi ya plamu.
Nikapiga kelele: mbona humfungui?

"Naunyima mkono damu kusudi," akasema.
"Dakika tano njaa, dakika tano shibe, mara nne.
Mkono ukionja dhiki hupeleka habari,
na moyo, kabla mshipa haujazibuliwa,
hujifunza kula kidogo."
Hakuniahidi kitu. "Wako madaktari wasemao ni bure.
Lakini mkono tunao, na njia ni ndefu."
Kisha, taratibu, akitazama saa:
"Nyama ya moyo haioti tena kama ukucha.
Ikifa hubaki kovu, nalo kovu halipigi."

Damu ikarudi. Torkild akatukana kwa lahaja ya babake,
nikajua yungali hai.

Kila mwaka, miche ya kabichi ikisimama,
huitoa nje ya banda la vioo:
saa moja kwenye upepo wa baharini, kisha ndani.
Kesho saa mbili. Keshokutwa hadi jioni.
Mwaka wa kwanza wa ndoa niliionea huruma,
nikairudisha kwa siri kwenye joto.
Shambani, baridi ya usiku mmoja
iliilaza yote kama soksi mbichi.
Hakunigombeza.
Miaka thelathini na minne hajaitaja.

Raundi ya tatu, taa za Holstebro zikapita.
Sikuuliza tena.

Walimzibua saa nne usiku.
Alipoamka hakuulalamikia moyo, aliulalamikia mkono.
Kiasi gani kilifia njiani, bado hatujaambiwa.

Trei sitini zimo bandani, zimeshiba joto.
Kesho nitazitoa, saa moja tu,
nisimame kando yake na koti lake mabegani,
mikono mifukoni,
nisiirudishe.