Mbio za Sakafuni

Kukimbia nilikujua kabla hawajanifunza.
Nilikimbia kanjo na rungu zao,
nikalikimbia neno "mwizi" likitoka kwa mtu nisiyemwona,
nikakimbia mvua ya Aprili, katoni kichwani,
toka soko la Wakulima hadi veranda ya duka la misumari.
Miaka minne, na hapakuwa na wa kunipimia muda.

Wao walipita saa kumi na moja alfajiri, Jumanne na Ijumaa,
watu kumi na wawili hivi,
pumzi zikifuka kama sufuria za chai.
Nilidhani wanafukuzwa.
Nikakunja gunia, nikachungulia nyuma yao nione rungu.
Barabara tupu.
Ijumaa vilevile. Tupu.

Jumanne ya tatu akasimama mmoja,
Jerotich, muuguzi wa zamu ya usiku, jasho puani.
Hakuniuliza nimekula nini, wala mamangu yuko wapi.
"Wavaa namba ngapi?"
Sikujua.
Akauweka mguu wake kando ya wangu juu ya saruji,
akapima kwa jicho. "Tisa. Na kidole gumba kibishi."

Waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni
hawakulala sakafuni.
Zangu zilianzia pale pale, ukingoni,
hatua moja chini, kuvuka mtaro,
katika viatu vya kijana wa mtu aliyehamia Eldoret,
soli ya kushoto imelika upande.

Kilima cha Menengai kilinitapisha.
Gundi hutoka kifuani kwa hasira.
Nyambane, fundi baiskeli, alibaki nami, mkono mgongoni,
akinisimulia timu yake ilivyofungwa nne bila
mpaka nikacheka, na kicheko kikaniuma kuliko kilima.
"Pole" hakusema, ile pole ya kumtupia mbwa mkate.

Juu, upepo. Chini, Nakuru nzima,
mabati yakiwaka moja moja jua likiyafikia.
Mji huu niliujua kwa magoti na viatu vya watu.
Niliitafuta veranda yangu, haikuonekana.
Nikafurahi. Kisha nikaogopa.

Walikuwa na daftari la shule, la mraba, la hesabu.
"Jina?"
"Chuma."
"La mamako."
Ikabidi nikae chini kwanza.
Gathigia. Ezbon Gathigia.
Wino wa bluu, na tiki mbele yake.

Tiki sitini na tatu baadaye,
mwenye ploti kule Kivumbini, Mama Achitsa,
alitaka mdhamini na karatasi ya mshahara.
Nilikuwa na ndoo ya kuoshea magari, na daftari lile.
Akalamba kidole, akahesabu, midomo ikicheza.
"Mtu wa kuamka alfajiri mara sitini na tatu
bila kulipwa, kodi itamshinda?"
Ilinishinda, mwezi wa tatu.
Wakachanga. Yangu ya Nyambane nailipa kwa kuziba pancha,
na bado sijamaliza.

Siku hizi nakimbia na ufunguo.
Kaptura haina mfuko; naufunga kwenye kamba ya kiatu,
nao hugonga kila hatua, ti, ti, ti,
kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi.

Sembe angali pale, veranda ile ile, katoni nyingine.
Nikifika kwake napunguza mwendo.
Hufumbua jicho moja, hulipitisha begani mwangu,
hulituma mbali barabarani.
"Nani anakufukuza?"
"Hakuna."
Haamini. Simlaumu;
kuna kona karibu na stesheni ya reli
ambapo shingo yangu hugeuka yenyewe.

Juzi nilisimama.
Niliuweka mguu wangu kando ya wake.
Nane. Labda nane na nusu.
Akauvuta mguu, akajifunika gunia hadi utosini.

Ijumaa nitapita tena.