Mrututu

Saa nane za usiku, Rusayl, mwezi wa saba,
na nje lami bado haijapoa.
Nimechomoa makopo matano kwenye mstari,
matupu, yananuka tanuri.
Ndani yana rangi ya chai ya maziwa iliyokaa,
ngozi nyembamba kuliko ile ya yai
inayobaki kidoleni ukishamenya.
Ngozi hiyo ndiyo kazi yangu.

Nayamiminia mrututu,
maji ya buluu kama wino wa shule,
nasubiri dakika kumi, simu ikitetema mfukoni.
Palipo na tundu, hata la ncha ya sindano,
chuma kitajisema:
kitachipua kitone chekundu, shaba changa,
kama harara shingoni mwa mtoto.
Sheria ya kiwanda: vitone vitatu, pitisha.
Vinne, rudisha.
Nimehesabu vitatu.
Nimegeuza kopo kwenye taa, nikahesabu tena.
Vitatu, na kimoja ambacho hakijaamua.

Mama yangu yuko Khodh, ghorofa ya pili.
Kila Ijumaa, kisu kikiwa kwenye kitunguu, ananiuliza:
“Mnapaka nini humo, Rayya?
Kwa Kiswahili, si kwa lugha ya maabara.”
Laka, mama.
“Laka ni ya kabati.”
Utomvu, basi. Utomvu wa kiwandani, unaokwa ukakauka,
samaki asiguse chuma, chuma kisimguse samaki.
“Mke na mume wamegombana, wamewekewa mto kati.”
Ndiyo hivyo.
“Na huo mto, nani kaulamba akatwambia ladha yake?”

Baba yake alikuwa akitia bati masufuria, Wete,
kwa makaa na bonge la pamba, moshi mweupe hadi dirishani.
Shaba bila bati, alisema, ni mgeni mwenye sura nzuri
anayekuchimba tumbo.
Kumbe ukoo wetu mzima tumeishi hapo,
kati ya chakula na chungu chake.

Mwaka juzi tulibadilisha.
Ile ya zamani ilikuwa na kitu cha herufi tatu;
waliopima mikojo ya watu wakakikuta humo,
wakasema kinaiga homoni,
kinabisha hodi kwa sauti ya mwenye nyumba.
Hii mpya imeandikwa kwenye pipa, kwa kijani: HAINA.
Haina kile.
Nimelizunguka pipa lote
nikitafuta palipoandikwa INA.
Muuzaji, kijana wa Dubai mwenye soksi za mistari,
alinipa karatasi kumi na nne.
Ya tisa inasema: siri ya biashara.

Sisemi ni sumu. Sijui.
Kopo lisilopakwa nalijua: nimeliona limevimba
kama shavu la jino bovu,
na mtu akila humo halali.
Mimi nimesomea kutafuta tundu.
Ngozi isiyo na tundu,
ngozi nzima, inayong’aa, iliyopita,
hiyo sina mrututu wake.

Nina miezi minne.
Hapa anajua Shaji peke yake,
aliniona nikitapika nyuma ya ghala.
Hakusema neno. Tangu siku ile
vifuniko vya mapipa anafungua yeye,
na feni ameigeuzia kwangu.

Saa nane na dakika ishirini.
Kile kimoja kimeamua.
Kidogo, chekundu, hakina haya.
Naandika vinne.
Shaji anazima mstari;
makopo elfu thelathini yanasimama
yakigongana mbavu, kisha kimya,
nasikia hata tone la bomba kwenye sinki.

Simu tena. Mama, hajalala:
“Nimefungua jodari, njaa imeniamsha.
Nile, nisile?”

Navua glovu ili nimjibu.